Kabla ya Kununua Modemu Mpya, Pima Kwanza

Intaneti ikizorota katika nyumba za Gongoni, Tabora, lawama huangukia modemu, na mara nyingi modemu huonewa. Kazi yake ni kusambaza kasi inayoingia, haiwezi kuizidisha. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kuiunganisha na kompyuta kwa waya. Kasi ikiwa ndogo hata hapo, huenda tatizo liko kwenye laini, mnara au kifurushi, na kifaa kipya kitakuwa hasara tupu. Ikiwa nzuri kwenye waya lakini dhaifu chumbani, hamisha modemu kwanza: iwe katikati ya nyumba, mahali pa juu, mbali na kuta nene za matofali.

Wapo watakaosema vifaa vya zamani vimepitwa na wakati. Kwa baadhi ni kweli: modemu inayotumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee husongamana na za majirani, na yenye gigahezi 5 pia huleta nafuu, ingawa masafa hayo hupenya kuta kwa shida zaidi. Lakini hiyo ni sababu ya kununua baada ya kupima, si kabla. Fedha ya familia ni jasho. Muuzaji muungwana ampimie mteja kasi kabla ya kumuuzia.