Atomu Tuliyoikariri

Mwulize mwanafunzi wa sekondari atomu ikoje, atakuchorea bila kusita: kiini katikati chenye protoni na nyutroni, na elektroni zikikizunguka. Mwulize tena, walijuaje? Hapo wengi hunyamaza. Si kosa lao, maana tumewapa jibu tukawanyima ushahidi. Toleo hili tumeliandaa kwa ajili ya swali hilo la pili.

Twende Manchester, mwaka 1909. Hans Geiger na Ernest Marsden, kijana wa miaka 20 aliyekuwa bado hajamaliza shahada yake ya kwanza, wamejifungia gizani. Wanangoja macho yazoee, kisha wanachungulia kwenye hadubini na kuhesabu vimeto hafifu, kimoja kimoja, kila chembe ya alfa inapogonga kioo kilichopakwa salfaidi ya zinki. Chembe hizo zimerushwa kwenye dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba mno. Karibu zote zilipenya kana kwamba mbele yao hapakuwa na kitu. Chache sana zilirudi zilikotoka.

Hizo chache ndizo zilizomshughulisha Ernest Rutherford hadi 1911. Chembe yenye kasi kubwa namna ile hairudishwi na chaji iliyotawanyika atomu nzima. Sharti chaji yote chanya, na karibu uzito wote, viwe vimebanwa mahali padogo. Upana wa kiini haufiki sehemu moja ya elfu kumi ya upana wa atomu. Tazama pete ya dhahabu kidoleni: karibu uzito wake wote umo ndani ya viini hivyo.

Elektroni ilikwishajulikana tangu 1897 kwa kazi ya J. J. Thomson. Kilichosumbua ni heliamu: kiini chake kina chaji ya protoni mbili, lakini uzito wake ni kama wa protoni nne. Ziada hiyo ilitoka wapi? Jibu lilikuja 1932, James Chadwick alipoitambua nyutroni. Kwa kuwa haina chaji, aliibaini kwa protoni ilizozifyatua kutoka kwenye nta.

Basi walimu wasishangae kuona makala zetu zikianza na majaribio, mchoro ukafuata. Mchoro wenyewe una walakini. Kwa fizikia ya wakati ule, elektroni inayozunguka ingepoteza nishati na kuangukia kiini mara moja, lakini haianguki. Niels Bohr alilivalia njuga jambo hilo mwaka 1913, na makala yetu ya kwanza inaanzia hapo.