Neno Bila Maana Si Neno



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nipate kusema na wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi, juu ya mchezo wa maneno ya Kiingereza tunaoucheza hapa shuleni. Mchezo wenyewe kila mwanafunzi aujua. Kiongozi huandika herufi ubaoni, akataja na urefu wa neno, kisha kila upande hutafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi hiyo. Upande wenye maneno mengi ndio unaoshinda. Sisemi kuwa mchezo huu ni mbaya. Nasema twaucheza nusu, na nusu tuliyoiacha ndiyo yenye faida.

Muhula uliopita tulipewa herufi x na maneno ya herufi 5. Mimi peke yangu niliandika maneno 19, nikapigiwa makofi. Moja la maneno hayo lilikuwa "toxic". Nilikuwa nimelikariri usiku kutoka katika orodha, wala sikutazama maana yake, kwa sababu nilijua kiongozi hataiuliza.

Likizo ilipofika nilirudi nyumbani Kambarage. Mjomba wangu, ambaye ni mchimbaji mdogo wa dhahabu upande wa Geita, alikuwa amemletea mama pipa kubwa la plastiki alilolinunua kwa bei nafuu. Sisi wa Shinyanga twajua thamani ya pipa la maji wakati wa kiangazi. Mama akaniita, akasema, "Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Hebu tusomee maandishi haya kabla hatujatia maji." Karatasi ya pipa ilikuwa imebanduka, limebaki neno moja tu. Nikalisoma kwa sauti kubwa na kwa fahari: "Toxic!" Mama akauliza, "Maana yake nini?" Nikanyamaza. Kisha, kwa kuona haya mbele ya wadogo zangu, nikasema huenda ni jina la kiwanda.

Bahati njema, jirani yetu mmoja, mzee aliyepata kufanya kazi penye kuchenjua dhahabu, alikuwa amekuja kuazima jembe. Akalitazama pipa, akasema, "Mama, usitie maji humo. Neno hili nililiona kila siku kwenye mapipa ya sianidi. Ni sumu." Akatueleza kwamba sianidi hutumika kutoa dhahabu katika mchanga, na kwamba pipa lililotiwa dawa ya namna hiyo halifai tena kuwekea maji wala chakula, hata likioshwa mara ngapi. Jioni ile ile pipa likatobolewa matundu, asije mtu mwingine akalitumia. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Kumbe kusoma na kuelewa ni vitu viwili." Maneno hayo yaliniuma kuliko kiboko.

Tangu siku hiyo nimeanza kuyafungulia kamusi maneno yangu 19, moja moja. Haya ni baadhi yake:

"Exact": sahihi hasa, bila kuzidi wala kupungua.
"Exist": kuwapo.
"Extra": ya ziada.
"Index": orodha ya mambo yaliyomo kitabuni, pamoja na kurasa zake.
"Mixer": mashine ya kuchanganyia.
"Oxide": oksidi, yaani oksijeni iliyoungana na elementi nyingine. Kutu ya chuma ni ya jamii hii.
"Relax": kupumzika, kulegea.
"Toxic": yenye sumu.

Hilo la mwisho lina hadithi yake. Asili yake ni Kigiriki, nalo latokana na neno la upinde, kwa kuwa watu wa kale walipaka sumu kwenye mishale yao. Tena tazameni hatari ya herufi moja: ukiondoa x ukatia n, unapata "tonic", yaani dawa ya kumtia mtu nguvu. Maneno yote mawili yana herufi 5, na ubaoni yote mawili huhesabiwa sawasawa. Lakini nyumbani, moja lafaa mgonjwa na jingine laua.

Rafiki yangu mmoja amenipinga. Ametaja mchezo wa Scrabble, uliobuniwa na Alfred Butts wa Marekani katika miaka ya 1930, ambamo herufi x peke yake ina alama 8, wala hakuna anayeulizwa maana. Amenikumbusha pia habari za Nigel Richards wa New Zealand, aliyeshinda mashindano ya dunia ya Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 ilhali hakujua kuzungumza Kifaransa. Alikariri maneno tu. Namheshimu sana mtu huyo kwa kumbukumbu yake. Lakini yeye alitafuta ushindi wa mchezo, naye akaupata. Sisi tumetumwa na wazazi wetu kutafuta elimu. Tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na tulipoingia Kidato cha Kwanza tukakuta Baiolojia, Kemia na Jiografia zote kwa Kiingereza. Tukikariri sauti bila maana, tutafaulu kuimba tu.

Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, ambaye mtaa wetu una jina lake, alifasiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar kwa Kiswahili, ikatolewa mwaka 1963. Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa na mtu anayehesabu herufi tu. Lazima aliulize kila neno maana yake.

Basi natoa shauri langu. Kwanza, neno lisihesabiwe mpaka aliyelitaja aseme maana yake kwa Kiswahili na kulitumia katika sentensi. Pili, kila mchezo ukiisha, maneno na maana zake yaandikwe katika daftari moja la darasa, nalo liwekwe maktaba. Tatu, wazazi wetu wasione taabu kutuuliza, "Maana yake nini?" kila tunapojigamba kwa Kiingereza nyumbani.

Najua kwa kanuni hii nitashindwa mara nyingi, kwa maana katika maneno yangu 19 nilijua maana ya 6 tu. Lakini ni afadhali nishindwe hapa ubaoni, mbele ya wenzangu watakaonicheka, kuliko kushindwa tena mbele ya pipa la maji ya mama yangu. Kuuliza si ujinga.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu