Mkopo Usiojua Mbalamwezi

Sisi wapenzi wa fasihi huwa tunajisifu kwamba hakuna andiko linalotupita. Lipo moja linalotupita kila siku: masharti ya aplikesheni za mikopo. Kwa kazi yangu ya uandishi wa habari nimefungua kadhaa hapa Mwanza, na nasema bila kumung'unya maneno: huo ni utapeli wa lugha kabla haujawa utapeli wa pesa.

Angalia zinavyosema. Tangazo ni Kiswahili cha mtaani, kitamu kabisa: mkopo chapchap, bila dhamana. Ukiingia kwenye masharti, Kiswahili kimetoweka, umekutana na Kiingereza cha wanasheria, kurasa kwa kurasa, na kitufe kimoja tu cha kukubali. Ukichelewa kulipa, Kiswahili kinarudi. Safari hii kimekuja na matusi, na hakiji kwako peke yako. Kinakwenda kwa mkweo, kwa mchungaji, kwa mteja wako wa Shinyanga, kwa sababu ulipobonyeza kile kitufe uliruhusu namba zako zote zisomwe.

Sasa nenda pale Mwaloni, Kirumba. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, taa hazina kazi, mitumbwi inapumzika ufukweni siku kadhaa. Mvua ikinyesha, walioanikwa wanaoza. Kila mchuuzi anaijua kalenda hiyo, na hata jirani anayemkopesha unga anaijua. Aplikesheni inayotaka chake ndani ya siku 7 haiijui. Mama anakopa giza likiwa linaishia, deni linaiva katikati ya mbalamwezi, na yeye hana hata kisado cha kuuza. Anafanyaje? Anakopa aplikesheni ya pili kulipa ya kwanza. Mtaani tumeshaipa mikopo ya aina hii jina lake, kausha damu, na ukiniuliza mimi, hakuna mhakiki aliyewahi kuandika uhakiki mkali kuliko hayo maneno mawili.

Wapo watakaosema napinga maendeleo. Hapana. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, watu wengi ambao benki haikuwahi kuwatazama walipata pa kuweka na kutuma pesa. Najua pia benki inadai hati ya nyumba ambayo muuza dagaa hana. Haja yake ni ya kweli. Lakini haja ya mtu siyo kibali cha kumvua nguo mbele ya wakwe.

Serikali imefanya kitu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, ikazipiga marufuku. Safi. Ila aplikesheni ikifungiwa leo, kesho inaweza kurudi na jina jipya na rangi nyingine, na mkopaji asiyeweza kusoma mkataba atategwa vilevile.

Kwa hiyo mimi naanzia kwenye lugha. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Ikiwa hakimu anatakiwa kunihukumu kwa Kiswahili, mkopeshaji ana kiburi gani cha kunifunga kwa Kiingereza?

Na asitokee mtu wa kutuambia Kiswahili hakina maneno. Ng'ambo tu ya hapa, Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa 1980. Lugha iliyobeba kazi nzito namna ile inashindwa kubeba riba, dhamana na faini ya kuchelewa?

Ninachotaka ni vitu vitatu. Aplikesheni isiyo na mkataba wa Kiswahili inyimwe leseni. Inayogusa namba za watu wasiokopa ishitakiwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022. Na vijana wetu wanaotengeneza programu hapa Mwanza wapewe mitaji, watutengenezee mkopo unaofuata giza na mbalamwezi.

Sisi wasomaji tusikae pembeni. Jirani akishika simu anataka kukopa, mwambie: subiri, lete tusome kwanza.