Safari si Kutazama Simba Tu



Ndugu wazazi, nanyi wanafunzi wetu, tangu Burundi iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiingereza kufanywa lugha rasmi mwaka 2014, watoto wa hapa Rumonge wanakisoma kwa bidii. Ni jambo zuri. Lakini kijana mmoja darasani kwangu aliniambia kuwa hajawahi kufanya safari, kwa sababu kitabu chake cha Kiingereza kinasema safari ni watalii kwenda mbugani kutazama simba. Kijana huyo alizaliwa kambini Tanzania, akarudi huku na wazazi wake!

Neno hilo Waingereza walilichukua kwetu. Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858 na kupita kwa mtumbwi kwenye mwambao wetu akielekea Uvira, ni miongoni mwa wa kwanza kuliandika katika Kiingereza. Wakati huo lilikuwa na maana ya msafara wenye wapagazi na mizigo. Baadaye wakaja wawindaji. Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, aliposhuka Mombasa mwaka 1909 na bunduki zake, magazeti ya ulimwengu yalilieneza neno likiwa na harufu ya baruti. Siku hizi bunduki zimepisha kamera.

Sisi tulilipata kwa Waarabu: safar. Limo katika Surat al-Baqara, aya ya 184, pale msafiri anaporuhusiwa kula mchana wa Ramadhani na kulipa siku nyingine. Kwa hiyo katika dini safari ina kipimo na ina haki zake. Wanavyuoni wengi wa Kishafii wanakadiria kilomita 80 na kitu kabla mtu hajapunguza sala. Kutoka hapa hadi Bujumbura hazifiki 80, basi anayekwenda sokoni huko asali rakaa zake nne kamili. Wa Kigoma ana ruhusa.

Herufi zake, sin, fa na ra, zina pia maana ya kufunua. Alfajiri ikipambazuka, Waarabu hutumia shina hilo hilo. Imam Ghazali ameeleza katika Ihya kwamba safari imeitwa hivyo kwa kuwa inafichua tabia za watu. Na imepokewa kuwa Sayyidna Umar (r.a.), mtu alipomsifu mwenzake mbele yake, alimuuliza kama amewahi kusafiri naye.

(Msichanganye na mwezi wa Safar, wala na sifuri. Hayo yana herufi sadi. Kiswahili chetu kimezimeza zote mbili katika s moja, na wanafunzi wanapata tabu.)

Sasa tazameni mwambao huu. Mwaka 1972 watu wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbilia Tanzania, na waliporudi baada ya miaka mingi, wengine walikuta mashamba yao ya michikichi yanalimwa na watu wengine. Walioondoka walifunuliwa na njia, na waliobaki wakafunuliwa siku ya kuwapokea. Mtoto wa familia kama hizo akiamini kuwa safari ni ya mzungu na kamera yake, amenyang'anywa neno la kuelezea maisha ya babu yake.

Mwanafunzi akiulizwa shuleni maana ya safari, aandike ya simba apate alama zake. Chini yake aongeze ile ya kwanza. Mwalimu akiikata kwa wino mwekundu, alete daftari madrasa.