Tairi za matope kwenye lami: tunasafiri au tunalima?

Jamani, leo naomba niseme bila kuzunguka. Magari mengi ya fowili yanayopita Barabara ya Morogoro yakinguruma kama trekta hayana shughuli yoyote na matope. Yamevalishwa tairi za matope kwa sababu kuna bosi mahali fulani, mwenye saini ya kuidhinisha malipo, anayependa gari lionekane "la kazi". Mwenyewe halipandi. Wanaolipanda ni dereva, sisi waandishi tunaotupwa mikoani, mabwana shamba, na wauguzi wanaopeleka chanjo vijijini.

Tuanze na tairi yenyewe, maana wabishi ni wengi na wanaosoma maandishi ya ubavuni ni wachache. Tairi iliyoandikwa M/T ina kashata kubwa zilizoachana sana. Ile mianya si urembo. Gurudumu likizunguka topeni mianya inajaa, kisha mzunguko unalirusha tope nje na kashata zinapata kushika upya. Aliyewahi kutoka Ifakara kwenda Mlimba wakati wa masika, au aliyekutana na ule udongo mweusi wa mbugani baada ya mvua, haitaji kuelezwa. Tairi ya kawaida pale inavaa tope mpaka inakuwa laini kama chapati. Unakanyaga mafuta, gari linacheza ngoma hapo hapo. Kwa hiyo asije mtu kuniambia naichukia M/T. Topeni ni mkombozi.

Sasa mlete mkombozi huyo Kibaha, saa kumi na mbili jioni, mvua inanyesha na lami inang'aa. Kwa sababu ya mianya ile ile, mpira unaoigusa barabara ni kidogo. Kashata ni ndefu, hivyo ukifunga breki ghafla au ukikata kona zinapinda kwanza kabla ya kushika. Tairi ya lami imechanjwa vichanja vyembamba kama vya wembe, kazi yake kuukata utando wa maji; M/T nyingi zina vichache, na nyingine hazina kabisa. Matokeo yake unakanyaga breki na gari linaendelea na safari zake. Kelele na mafuta yanayoliwa zaidi sivihesabu hata, hivyo ni vya mhasibu.

Watetezi wana hoja moja wanayoirudia kila siku: bora uwe nayo usiihitaji, kuliko uihitaji usiwe nayo. Hoja tamu. Lakini toka Dar mpaka Mikumi tu ni karibu kilometa 300 za lami, kabla hujaliona tope lenyewe. Na kurudi. Unajikinga na kukwama, jambo ambalo mara nyingi linaisha kwa wanakijiji kusukuma na wewe kutoa ya soda, kwa kununua hatari ya kushindwa kusimama mbele ya lori. Kukwama hakujawahi kumvunja mtu bega.

Bega nalitaja kwa sababu lipo. Gari la gazeti ninalofanyia kazi, Land Cruiser ya mkonga yenye M/T nne mpya, liliteleza mvua ikinyesha tukitoka Morogoro kurudi Dar. Basi lilisimama ghafla mbele yetu, dereva akafunga breki, gari likapitiliza kushoto na kuishia mtaroni. Mpiga picha wetu alivunjika bega, miezi miwili bila kushika kamera. Mimi nilitoka na michubuko. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele na mshale wa spidi nilikuwa nauona: ulikuwa chini ya 70. Ofisini uamuzi ulitoka ndani ya siku tatu, kwamba ni uzembe wa dereva, akatwe mshahara kufidia matengenezo. Sidai tairi peke yake ndiyo iliyotuingiza mtaroni. Mvua ilikuwepo, basi lilikuwepo. Nachouliza ni kwa nini katika karatasi yote ile ya uamuzi hakuna mstari hata mmoja unaouliza nani alichagua tairi zile, na kwa safari zipi. Dereva alishaomba tairi za A/T mara mbili, kwa maandishi. Akaambiwa hizo ni za akina mama wa mjini.

Hizo A/T ndizo ambazo magari mengi ya aina hii yangepaswa kuvaa. Kashata zake zimekaribiana zaidi, zinavumilia changarawe na vumbi, na kwenye lami yenye maji zina adabu. Kwenye udongo mweusi uliolowa zitakushinda, huo ndio ukweli, ila barabara zetu nyingi za vumbi si udongo mweusi. Na mchangani, kama kwenye yale makorongo ya Dodoma, M/T inaweza hata kukuponza: ukizidisha mafuta kashata zinachimba kama jembe na unajizika mwenyewe. Mchangani kinachosaidia ni kupunguza upepo. Ukishusha mpaka kwenye psi 20 hivi tairi inatanuka, gari linapita juu juu, mradi uende taratibu na ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Kipima upepo na pampu ndogo bei yake haifikii hata tairi moja. Gari letu lina M/T nne na halina kipima upepo.

Kuna na wale wajanja wa kubana matumizi: M/T mbili nyuma, za lami mbele. Ukienda kwenye lami na breki ya ghafla, mbele kunashika na nyuma kunatafuta njia yake. Kisha kama vimo vya tairi vinatofautiana, siku utakapoingiza fowili magurudumu ya mbele na ya nyuma yatazunguka kwa kasi tofauti huku yamefungwa pamoja, na kinachoumia ni gia na difu. Hapo ulichobana kwenye tairi utakitapika gereji.

Na vimo vyenyewe. Mtu ana 265/70R16, anavaa 265/75R16 kwa sababu "inajaza vizuri". Ile 75 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana. Piga hesabu: kipenyo kinaongezeka milimita 26 hivi, zaidi ya asilimia 3. Mshale ukionyesha 100, wewe uko 103, na breki zako ni zile zile.

Kwa ofisi ambayo kweli inatuma watu Mlimba mwezi wa nne, suluhisho lipo na wala si la kisayansi. Nunueni rimu nne za ziada. M/T zifungwe masika, Machi mpaka Mei, kwa gari la njia hizo tu, zikitoka zilale stoo pakavu pasipo na jua. Seti mbili hazitumiki kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila moja inadumu zaidi. Ila mtunza stoo asome zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nimeona madukani tairi "mpya", zina vinyweleo vyake vyote, kumbe zimekaa miaka minane zikikauka. Kashata ndefu kwenye mpira uliokauka, kwenye lami yenye maji, sijui ni mchanganyiko gani mbaya kuliko huo.

Wiki ijayo ofisi yetu inanunua tairi nyingine nne. Nimeomba daftari la safari za lile gari kwa miezi sita iliyopita liwekwe mezani, zihesabiwe kilometa za lami na za tope, kabla ya mtu kusaini. Nimejibiwa kwamba hilo si jukumu la mwandishi.