Homa ya nyani: Chuo kidogo cha Lwiro kiliona mapema, sisi wa mpakani tukaambiwa mwisho

Agosti 2024 nilikuwa kwenye foleni ya kuvuka daraja la Ruzizi kutoka Kamembe kwenda Bukavu. Kijana aliyevaa koti jeupe alikuwa akitupima joto kwa kile kifaa kinachoelekezwa kwenye paji la uso, mmoja baada ya mwingine. Mbele yangu alisimama mama mwenye beseni la nyanya kichwani. Alipofikiwa akauliza, "Mwanangu, hiyo homa unayoitafuta imetoka wapi?" Kijana akamjibu, "Imetoka huko unakokwenda, mama." Foleni nzima ikacheka, nami nikacheka.

Baadaye nilijutia kicheko changu, kwa sababu swali la yule mama lilikuwa na jibu, na jibu hilo lilikuwa limeandikwa miezi mitano kabla ya siku ile. Isitoshe, mmoja wa walioliandika alitoka katika chuo kilichopo mwendo mfupi tu kutoka pale tulipokuwa tumesimama.

Anayeijua Bukavu anaijua njia ya kwenda kaskazini. Unapita Kavumu penye uwanja wa ndege, unakata kona kuelekea milima ya Kahuzi, na kiasi cha kilometa 40 kutoka mjini unafika Lwiro. Wabelgiji waliweka hapo kituo cha taasisi yao ya utafiti iliyoundwa mwaka 1947, na majengo yake bado yapo, yakiwa na maktaba na makusanyo ya wadudu na wanyama. Wakongo wanakiita Kituo cha Utafiti wa Sayansi za Asili cha Lwiro. Pembeni mwake kipo chuo kikuu kidogo chenye jina kubwa la Kifaransa, Université du Cinquantenaire de Lwiro. Wengi wetu tuliorudi Rwanda kutoka Tanzania, Uganda au Kongo yenyewe hatukuwahi kulisikia jina hilo. Tulizoea kwamba habari za utafiti hutoka Kinshasa, Kampala, au mbali zaidi ng'ambo.

Katika kituo hicho na chuo hicho yumo mtafiti aitwaye Leandre Murhula Masirika. Mwishoni mwa 2023, wagonjwa wenye malengelenge yasiyo ya kawaida walipoanza kujaa katika hospitali ya Kamituga, yeye ni mmoja wa waliochukua sampuli na kuuliza maswali. Alifanya kazi hiyo na Dk. Jean Claude Udahemuka wa Chuo Kikuu cha Rwanda, pamoja na wenzao wa Uholanzi na Denmark. Machi 14, 2024 walichapisha matokeo yao katika jarida la Eurosurveillance.

Kamituga si mji wa kuelezwa sana kwa wafanyabiashara. Ni mji wa dhahabu katika wilaya ya Mwenga, Kivu ya Kusini, na watu wake hawatulii. Wachimbaji huja na kuondoka, wachuuzi huwafuata, baa hufunguliwa usiku kucha, na wasichana kutoka kila upande huja kutafuta riziki. Anayeuguza mwili Kamituga leo anaweza kuwa Bukavu keshokutwa, na wiki ijayo yuko Bujumbura au Kamembe.

Walichokiona watafiti hao kilikuwa cha aina mbili. Kwanza, vinasaba vya virusi kutoka kwa wagonjwa sita vilionyesha tawi jipya la kundi la kwanza la virusi vya homa ya nyani, tawi ambalo baadaye lilipewa jina la Ib. Pili, na hapa ndipo mfanyabiashara anapaswa kutega sikio, virusi hivyo vilikuwa vimepoteza kipande ambacho kipimo kimoja kilichotumika sana hukitafuta.

Nieleze kidogo. Kipimo cha maabara hakisomi kirusi chote. Kinatafuta kipande kifupi cha maandishi yake, kama askari wa mpakani anayetafuta mhuri mmoja tu kwenye hati yako. Mhuri ukiwepo, anasema huyu ndiye. Virusi vya Kamituga vilikuwa vimepoteza ukurasa wenye mhuri. Kipimo cha jumla cha homa ya nyani kiliendelea kuviona, lakini kile cha kutambua kundi la kwanza kilisema si hao. Maabara iliyotegemea kipimo hicho peke yake ingempa mgonjwa majibu ya kupotosha. Onyo hilo lilikuwa limechapishwa Machi.

Juni 2024 likaja andiko la pili, la kundi lingine la watafiti wakiwemo wa taasisi ya taifa ya Kinshasa, katika jarida la Nature Medicine. Kati ya Septemba 29, 2023 na Februari 29, 2024 walihesabu Kamituga watu 241 walioshukiwa, na 108 kati yao walithibitishwa kwa kipimo. Karibu theluthi moja walikuwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Tena virusi vilibeba alama ambazo huachwa na kimeng'enya cha mwili wa binadamu, kwa hiyo watafiti wakaona kwamba ugonjwa ulikuwa ukienda kutoka mtu hadi mtu, si kwamba kila mgonjwa aliupata kivyake kwa mnyama wa porini.

Hilo lilibadili kila kitu. Tangu mtoto wa kwanza alipogunduliwa nao mwaka 1970 huko Basankusu, katika mkoa wa Équateur, ugonjwa huu ulitazamwa kama ugonjwa wa watoto wa msituni. Familia inakula nyama ya porini, mtoto anaugua, kijiji kinaomboleza, mambo yanaisha. Kwa Kamituga habari ilikuwa nyingine kabisa: ugonjwa uliokwisha kujifunza kupanda basi.

Sasa tuhesabu miezi. Machi onyo lilichapishwa. Aprili, Mei na Juni zikapita. Julai 2024 Burundi ikatangaza wagonjwa wake wa kwanza, Rwanda ikatangaza wawili, wote wakiwa wamesafiri Kongo, na Kenya ikampata wake mpakani Taveta. Uganda iliwathibitisha wawili wilayani Kasese, jirani na Kongo. Agosti 13 Africa CDC ikatangaza dharura ya bara, na Agosti 14 Shirika la Afya Duniani likatangaza ya dunia. Ndipo kijana wa koti jeupe akaja darajani na kifaa chake.

Simlaumu kijana yule. Wala sitaki kusema kwamba serikali za kanda hii zililala. Rwanda ilianza kuchanja Septemba 17, 2024, watu 300 wa maeneo yanayopakana na Kongo, kabla Kongo yenyewe haijaanza kuchanja mjini Goma Oktoba 5. Swali langu ni kwa nini habari iliyotoka Lwiro ilibidi izunguke Ulaya ndipo iturudie sisi tulio jirani, na ilipotufikia ikawa imegeuka amri ya kupimwa joto bila maelezo.

Sababu moja ni lugha. Andiko lilikuwa la Kiingereza, kwa wataalamu. Kwa Kiswahili, lugha ambayo Mkongo wa Bukavu, Mrundi wa Bujumbura na sisi tuliokulia Karagwe tunauziana nayo samaki na vitenge, sikuliona hata karatasi moja sokoni hadi Agosti ile. Sababu nyingine ni ukubwa wa jina. Chuo kikubwa kikipiga kelele, simu zinalia. Chuo kidogo kikipiga kelele, kinaulizwa kwanza nani amekithibitisha.

Na ipo sababu ya tatu, ambayo wengi hawapendi kuitaja. Mwaka 2022 homa ya nyani ya tawi lingine ilipoingia Ulaya na Marekani, chanjo zilipatikana ndani ya miezi michache. Dharura ya dunia ikatangazwa Julai 2022 na kufutwa Mei 2023, wakati Kongo, yenye ugonjwa huo kwa zaidi ya miaka hamsini, ilikuwa haijapata chanjo za kampeni. Shehena ya kwanza ilitua Kinshasa Septemba 5, 2024. Kwa mtazamo wangu, hata kama Lwiro wangekuwa na kipaza sauti kikubwa kuliko vyote, wenye ghala la chanjo walikuwa wameshafunga mlango.

Gharama ya kuchelewa tuliilipa sisi. Anayeugua hutakiwa kujitenga mpaka vigaga vyote vidondoke na ngozi mpya iote, yaani wiki mbili hadi nne. Kwa mwajiriwa hiyo ni likizo ya ugonjwa. Kwa anayevuka na sambaza za mkopo asubuhi na kurudisha fedha jioni, wiki nne ni mtaji wote kwisha. Ndiyo maana watu walificha. Nilimwona kijana mmoja wa mizigo akivaa glavu za baridi mchana wa jua kali. Kila mtu alijua sababu na hakuna aliyesema. Na wale ndugu zetu wanaorudi kutoka Kongo, ambao wamekuwa wakipokelewa Nyarushishi kabla ya kwenda vijijini kwao, walitazamwa kama ndio ugonjwa wenyewe. Mtu ametoka kupoteza nyumba na shamba, kisha jirani mpya anakataa kumpa mkono!

Burundi ililipa zaidi. Kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa ya pili barani baada ya Kongo kwa wagonjwa waliothibitishwa, na watoto walikuwa wengi miongoni mwao, kwa maana ugonjwa ulikwisha kutoka baa ukaingia kwenye mikeka ya nyumbani. Tanzania ilitangaza wagonjwa wake wawili wa kwanza Machi 2025.

Niweke hapa jambo moja ambalo nimelikuta kwa wafanyabiashara wengi, wakubwa kwa wadogo. Wanaonyesha kovu la begani na kusema, "Mimi nilichanjwa ndui, homa ya nyani hainipati." Ni kweli kwamba chanjo ya ndui hutoa kinga fulani dhidi ya homa ya nyani, kwa kuwa virusi hivyo ni ndugu. Lakini ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980 na chanjo yake ikakomeshwa. Kama umezaliwa baada ya hapo, kovu ulilo nalo ni la chanjo ya kifua kikuu. Ni kovu zuri, ila halihusiki.

Kuhusu kazi yenyewe ya Lwiro, mwaka 2025 mambo yaliharibika. Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari na wagonjwa waliokuwa wametengwa wakakimbia na malengelenge yao. Uwanja wa Kavumu na mji wa Bukavu vikafuata katikati ya Februari. Anayejua njia ya Lwiro anaelewa maana yake kwa mtu anayesafirisha sampuli zinazotaka baridi. Hata hivyo, katika mwaka huohuo kundi la Masirika na Udahemuka lilitoa andiko kubwa zaidi, safari hii katika Nature Medicine, kuhusu watu 670 waliolazwa Kamituga kwa ugonjwa huo au kwa kushukiwa nao. Waliokufa walikuwa saba. Wanawake walikuwa wengi kidogo kuliko wanaume.

Septemba 5, 2025 Shirika la Afya Duniani lilifuta dharura. Wengine walilipokea tangazo hilo kana kwamba ugonjwa umefutwa. Kilichofutwa ni tangazo.

Katika andiko lile la 670 kuna hesabu moja ambayo sikuisikia ikisomwa mpakani popote. Wajawazito 14 waliougua walifuatiliwa, na wanane kati yao walipoteza mimba. Kumi na wanne ni watu wachache, na mtaalamu yeyote atakukataza kuwapigia hesabu wajawazito wote kwa hao. Lakini nenda asubuhi yoyote kwenye foleni ya Ruzizi au kule Gisenyi, utazame wanaobeba mabeseni ni akina nani na wana umri gani.

Yule mama wa nyanya nilimkuta tena mwishoni mwa 2025 upande wa Kamembe. Alikuwa na binti yake, mjamzito wa miezi sita, naye na beseni lake. Nilimkumbusha swali lake la foleni, nikamweleza Kamituga, Lwiro na ule ukurasa uliopotea. Alisikiliza kwa adabu tu, kama mtu anayemsubiri mteja. Nilipofika kwenye wale wanane kati ya kumi na wanne akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaliteremsha beseni la binti, akazimimina nyanya zake juu ya za kwake mpaka zikafanya kilima, akaomba nimsaidie kujitwika. Akavuka peke yake.