Goma: Kijana mwenye tansiyo aulizwe pia anapaka nini na anameza nini

Mjini Goma, kijana wa miaka 25 akipimwa na kukutwa na tansiyo ya juu, yaani kuanzia 140 kwa 90, jibu la haraka huwa moja: "Ni mawazo." Vita, kuhama, kukosa kazi. Mawazo yapo kweli. Lakini jibu hilo, likitolewa bila kuuliza zaidi, linaweza kuficha ugonjwa unaotibika.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza homoni. Mojawapo, aldosteroni, huifanya figo izuie chumvi na kutoa potasiamu. Ikizidi, tansiyo hupanda, na mgonjwa anaweza kusikia miguu kulegea au misuli kukaza. Nyingine ni kotisoli. Ikizidi, nayo hupandisha tansiyo, uso huwa wa mviringo, na michirizi ya zambarau hutokea tumboni.

Hapo ndipo soko linapohusika. Dawa zinazofanya kazi kama kotisoli zinauzwa bila karatasi ya daktari: deksametasoni kama vidonge vya kunenepesha, klobetasoli ndani ya mafuta ya kujichubua. Mafuta hayo hayaishii kwenye ngozi. Dawa yake huingia hadi kwenye damu. Msichana anasifiwa kwamba mashavu yamejaa, kumbe mwili unaomba msaada.

Kwa familia zilizokuwa Bulengo na Lushagala kabla ya kambi kuvunjwa Februari 2025, hatari ni kubwa zaidi. Aliyehama mara mbili au tatu huanza upya kila mara, mbele ya muuguzi asiyemjua.

Kwa hiyo muuguzi anayempima kijana aongeze swali moja: unapaka nini, unameza nini? Swali hilo halihitaji mashine wala pesa. Mwenye duka la dawa naye aache kuuza vidonge hivyo kama peremende. Na wakubwa wa afya wasikae kimya wakati mafuta hayo yamepangwa mezani sokoni.

Anayevitumia vidonge hivyo tangu zamani asiviache ghafla. Tezi zake zinaweza kuwa zimelala, na kukatiza kwa siku moja kunaweza kumuua. Aende kituo cha afya, apunguziwe polepole. Asione haya kubeba kopo lake la mafuta na kulionyesha: huenda ndilo jibu lenyewe.